Pasi Tatu Chini ya Kitanda

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika mpaka mlangoni. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu katikati ya juma, na kila mwenye nyumba alikuwa amekumbuka siku hiyohiyo kwamba anahitaji taa, betri, mishumaa au muujiza. Watu walibanana mbele ya kaunta wakipunga mikono, harufu ya jasho na plastiki mpya ikipanda darini, na muuzaji alikuwa akijibu watu watano bila kumtazama hata mmoja.

Katikati ya msongamano huo alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la zambarau. Lilikuwa na mikono mipana, mshipi mwembamba kiunoni na marinda yaliyoshuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, kila rinda mahali pake. Lilimkaa kana kwamba lilishonwa juu ya mwili wake. Nani angejua kwamba si lake? Mtaani kwao waliomjua walimwita Dobi, wakubwa kwa watoto, na gauni lile lilikuwa la mteja. Nguo zake mwenyewe zilikuwa zimejikunja kapuni kwa kukosa pasi, na hili ndilo pekee lililowahi kunyooshwa kabla umeme haujaondoka. Kila dobi anajua kuwa nguo ya mteja haivaliwi hata kwa kujaribu tu. Naye alijua vizuri sana. Akalivaa, akajiambia kwamba anaingia dukani mara moja na kutoka.

Kabla hajafika kaunta, kitu kilimshika begani kikamrudisha nyuma.

"Wee! Angalia ngazi yako!"

"Samahani, bibie. Imenasa kwenye nguo. Ngoja nivute—"

"Usivute! Ukivuta nimekwisha!"

Mwenye ngazi aliishusha taratibu. Alikuwa kijana mrefu, mabega ya shati lake la kazi yamefifia kwa jua, mikono ina makovu madogo ya bati. Aliinama akaunasua mkono wa gauni polepole, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo kwa umakini.

"Haijachanika," alisema. "Ingechanika, leo ningehama mji. Mimi ni fundi wa sola hapa. Wenzangu wananiita Ngazi, na sasa umeshajua sababu."

Dobi alikuwa anakagua mshono. Alipoona uko salama ndipo akamtazama mtu mwenyewe, na alichokiona hakikumchukiza. "Basi nimekuja mahali pake," alisema. "Mama kanituma kuulizia sola ya nyumbani. Tumechoka na giza."

"Bei niliyonayo mdomoni itakuwa ya uongo, kwa hiyo sikutajii. Kwanza nakuja nyumbani. Napanda juu nione bati na mbao kama zinabeba, jua linapiga upande gani, kuna kivuli cha mti au tangi. Halafu nashuka, naulizia kila chombo kinachokula umeme, mpaka kile cha chooni. Hapo ndipo watu wananiangusha."

"Wanakuangushaje?"

"Wanataja televisheni, wanaficha jokofu la kuuzia barafu. Sijui wanamwonea nani haya." Alicheka. "Lakini wewe huna neno. Wewe ni mtu wa benki, au niko mbali?"

"Kwa nini benki?"

"Mji mzima hauna umeme, sote tumekunjamana. Wewe huna kunjo hata moja. Hizo ni nguo za mtu wa ofisi yenye jenereta."

Alichotakiwa kufanya ni kucheka na kusema, kaka, mimi ni dobi. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini kijana alikuwa anamtazama kwa heshima ambayo hajawahi kutazamwa nayo akiwa na beseni mkononi, na heshima hiyo ilikuwa tamu. Akatabasamu tu. Kimya chake kikamjibia.

"Nilijua," alisema Ngazi. "Basi, Zambarau, nipe namba yako, nije kuona paa."

Zambarau. Dobi alilichukua jina hilo kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake na kukitia mfukoni. Jumatatu mwenye gauni alikuja kulichukua, akalisifu jinsi lilivyonyooka, akamwambia kwamba hajaona dobi mwaminifu kama yeye. Dobi alishukuru huku masikio yakimwaka moto.

Siku ya kuonwa paa, mama yake alikuwa ameenda kliniki. Asubuhi hiyo Dobi alikitazama chumba cha uani kwa macho ya mgeni: meza ndefu iliyofungwa blanketi, kamba zenye mashati ya watu, ndoo ya wanga, na pasi tatu zimesimama wima kwa kuzoea kazi. Aliondoa mashati. Akachukua zile pasi, akazisukuma chini ya kitanda chake, akashusha shuka mpaka sakafuni. Kisha akafunga chumba cha uani kwa ufunguo.

Na hapo ndipo penyewe. Sola ile ilikuwa ya pasi! Mama yake alijinyima kwa muda mrefu, hakutaka kitu kingine ila umeme usikatike binti yake akiwa kazini. Kuzificha pasi mbele ya fundi wa sola ni sawa na kuficha tumbo mbele ya mpishi.

Ngazi alipanda juu, akagonga mbao, akapiga picha za bati, akashuka na vumbi kichwani. "Upande wa nyuma ndio wenu. Jua linakaa kutwa. Tangi tu ndilo lisogezwe kidogo, linatia kivuli. Haya, tuingie ndani. Taa?"

"Taa sita."

"Televisheni, feni, friji?"

"Moja moja."

"Vyombo vya kutoa joto? Hivi ndivyo vinavyokula umeme kuliko vyote. Birika, jiko, pasi?"

"Pasi ndogo," alisema Dobi. "Mara mojamoja."

"Ya kunyooshea gauni la Zambarau," alitania Ngazi, akaandika. "Hiyo tutaipigia mahesabu ya mara mojamoja. Na chumba cha uani?"

"Stoo."

Aliandika hilo pia. Dobi alisimama nyuma yake akitazama shingo ile inayoinama kwa uaminifu, na alijisikia mdogo kuliko sisimizi. Nitamwambia kwa simu, alijipa moyo. Kwa simu ni rahisi.

Simu zilikuja, nyingi, na hakuna iliyokuwa rahisi.

"Unafanya nini, laazizi?"

"Nimekaa tu."

"Umekaa tu! Maisha ya benki hayo. Mimi niko juu ya paa la watu, bati linanikaanga miguu, nikakukumbuka."

"Shuka, utaanguka."

"Nilishaanguka siku ile dukani. Hukunisikia?"

Alicheka mpaka akaegemea meza ya pasi, shati la mtu likiwa mbele yake, simu imebanwa kwa bega. Jioni walitembea kando ya barabara kuu, Ngazi upande wa magari. Alimweleza jinsi alivyokulia kwa shangazi yake, jinsi anavyotaka siku moja awe na timu yake mwenyewe ya mafundi. "Kwenye kazi hii jina ndilo kila kitu," alisema. "Watu wanakupa paa lao. Ukivujisha nyumba moja, mji mzima unajua." Dobi alimshika mkono, akafungua mdomo aseme. Akasema, "Najivunia wewe." Lilikuwa kweli, ndiyo maana liliuma.

Siku ya kufunga sola, nyumba iligeuka uwanja wa vita. Umeme ulizimwa tangu asubuhi, viti vikafunikwa mashuka, kekee zikaunguruma juu na vumbi la dari likamwagika hata kwenye chai. Ngazi na mwenzake walipandisha paneli kwa kamba, moja baada ya moja, wakazikaza kwenye reli, wakaziba kila tundu kwa gundi ya kuzuia mvua. Nyaya zikashuka ndani ya bomba mpaka ukumbini, zikaishia kwenye inveta, mashine ya kugeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani, iliyotundikwa ukutani, ikivuma polepole kama nyuki ndani ya kopo, na betri chini yake.

Mama alikuwa anazunguka na sinia, amefurahi kupita kiasi. Alimvuta binti yake jikoni. "Umemwambia zile pasi zote?"

"Nimemwambia, mama."

"Na kwamba asubuhi unaziwasha mbili kwa pamoja?"

"Mama, nimemwambia."

Ngazi alipomaliza alitaka kuwaonyesha wote wawili jinsi ya kuutumia mfumo, lakini Mama alikuwa ameshika sufuria, akasema mweleze binti, yeye ndiye msomi. Basi akamweleza yeye peke yake: usifunike inveta, paneli zioshwe kwa maji bila sabuni, taa hii ikiwa nyekundu nipigie. "Na vyombo vya joto visizidi kile kimoja tulichokubaliana. Ukizidisha, mashine inajizima yenyewe kujikinga. Umenielewa, mpenzi?"

"Nimekuelewa."

Asubuhi iliyofuata aliwasha pasi moja, ikapita. Akawasha ya pili, kwa kuwa kikapu cha wateja kilikuwa kimejaa na wanazitaka nguo kabla ya kwenda kazini. Nyumba nzima ikazima. Akasubiri, akawasha tena. Ikazima tena. Ikawa ndiyo desturi ya kila kukicha, mpaka Mama akachoka. Akachukua simu, akapiga mwenyewe kwa kampuni, akawaambia kwamba ameuziwa sola ya kuchezea.

Meneja alikuja na Ngazi nyuma yake. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuzoea ghala, na siku hiyo alikuwa amekwishapokea malalamiko ya nyumba nyingine mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Taa zinakata kila asubuhi."

"Kijana wangu huyu ndiye aliyefanya mahesabu. Mama, niambie ukweli mtupu: humu ndani mnatumia vitu vikubwa? Pasi nyingi, majiko?"

Mama alifungua mdomo.

"Hatuna," alisema Dobi.

Neno lilitoka lenyewe, haraka, kabla ya akili. Mama aligeuka akamtazama. Alimtazama kwa muda ambao binti aliuhisi mpaka kwenye mifupa. Kisha, mbele ya wageni, mwanamke yule ambaye hajawahi kumsemea mtu uongo aliinamisha kichwa akaanza kupapasa kitambaa cha meza.

"Hatuna," Mama alisema taratibu.

Ngazi alikuwa ameshafika kwenye inveta. Dobi alimfuata, asijue kwa nini. Kidole kilibonyeza kitufe, kioo kikaonyesha yote: mzigo umezidi, asubuhi ya jana, ya juzi, na ya kabla yake, karibu mara mbili ya kile kilichoandikwa. Mashine haikuwa na haya. Ngazi alisoma mpaka mwisho. Akageuka, akamtazama Zambarau wake usoni, akisubiri.

Dobi alitazama chini.

"Vipi huko?" Meneja aliuliza kutoka ukumbini. "Ni nini?"

Ngazi alitazama kule sauti ilikotoka. Ukumbini mama wa watu alikuwa amekaa na kichwa chini. "Ni mimi, bosi," alisema. "Nilikosea kwenye mahesabu."

Meneja alimsema hapohapo, kwa sauti iliyotoka dirishani mpaka kwa majirani. Kwamba anawapaka matope wenzake. Kwamba watu wanakabidhi paa lao kwa mtu asiyejua kujumlisha. Kwamba kuanzia kesho hagusi paa la mteja, atabeba maboksi ghalani mpaka akili imrudie. Ngazi alisimama mikono nyuma. Hakumtazama tena Dobi, wala Dobi hakuinua macho. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ilikaa ilivyo, na yeye akakaa kimya.

Jioni alimpigia. Simu iliita ikakatika. Alipiga tena na tena, mpaka ikapokewa.

"Ngazi, nisikilize, tafadhali."

"Nakusikiliza."

"Nilishindwa kusema. Niliona aibu."

"Aibu." Alilirudia neno hilo. "Nilikuona. Bosi ananivua nguo mbele ya watu, wewe unatazama sakafu kama hunijui. Ni kweli, fundi wa kubeba ngazi ni aibu kwa mtu wa benki. Ungeniambia mapema tu, Zambarau, nisingejisumbua."

"Sivyo! Si wewe—"

Alikuwa amekwishakata. Baada ya hapo simu haikupokewa tena.

Siku zilizofuata Dobi alifanya kazi kwa pasi moja, taratibu, nguo za watu zikichelewa. Mama alimpikia, akamwitikia salamu, hakumgombeza. Ilikuwa vibaya kuliko kugombezwa. Mwishowe alimkuta Mama kwenye meza ya uani, amechukua shati la mteja mwenyewe, mkono wenye baridi yabisi ukitetemeka juu ya kola.

"Mama, acha, nitafanya."

"Nilifua nguo za watu tangu una miaka miwili," Mama alisema bila kuacha. "Beseni langu lilikaa mlangoni, kila mpita njia analiona. Kwa hela ya beseni hilo ulisoma. Juzi nikajikuta nadanganya wageni ndani ya nyumba yangu. Nikadanganya kwa sababu nilikuona unatetemeka." Aligeuza shati. "Sasa nataka kuuliza kitu kimoja. Ulikuwa unazificha pasi, au ulikuwa unanificha mimi?"

Dobi alikaa sakafuni kando ya ndoo ya wanga, akalia kama mtoto, na Mama alimwacha alie. Alipomaliza alinawa uso. Alivaa gauni lake la kazi, la kijivu, lenye doa la kuungua karibu na mfuko. Akaziweka pasi tatu kwenye beseni, akalibeba, akatoka.

Duka lilikuwa limejaa kama siku ile ya kwanza. Alipita katikati ya watu mpaka kaunta, akaliweka beseni mbele ya Meneja. Pasi ziligongana. Watu waligeuka.

"Unauza?" aliuliza Meneja. Hakumtambua.

"Mimi ni binti wa ile nyumba ya taa zinazokata. Hizi ni zangu. Mimi ni dobi." Akainua sauti. "Fundi wako aliuliza kila kitu kama inavyotakiwa. Mimi ndiye niliyemficha ukweli. Nilizisukuma chini ya kitanda. Ulipokuja ukauliza tena nikasema hatuna, na mama yangu akanifuata kwa kunionea huruma. Fundi aliona kwenye mashine kwamba nadanganya, akabeba lawama yeye. Mahesabu yake hayana kosa."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwingine alisema, "Chini ya kitanda!" na kicheko kikasambaa. Dobi alisimama akipokea. Hakuondoka.

Meneja hakucheka. Alishika pasi moja, akaitazama, akairudisha taratibu. "Nami nilimpigia kelele kijana wa watu mpaka majirani wakasikia," alisema, kama anajiambia. Akageuka kuelekea ghalani. "Ngazi! Njoo hapa!"

Alikuwa tayari mlangoni, boksi begani. Alikuwa amesikia.

Walitoka nje, wakasimama kando ya gari la kupakia mizigo. Ngazi alilitua boksi.

"Pasi ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

"Zote kwa pamoja?"

"Mbili. Ya tatu inapumzika."

Kitu kilicheza kwenye pembe ya mdomo wake, akakizuia. "Na benki?"

"Hakuna benki. Hata lile gauni la zambarau ni la mteja. Jina uliloniita halikuwa langu." Alifuta uso kwa kiganja. "Ile aibu niliyokuambia kwa simu ilikuwa yangu mimi. Wewe hukuwahi kunitia aibu. Ulisimama pale unasemwa kwa ajili yangu, nikashindwa kuinua macho, na sijawahi kujichukia hivyo."

"Pasi zisingenikasirisha," alisema Ngazi. "Ningekuongezea paneli mbili, basi. Kilichonikata ni mama yako kuinamisha kichwa."

"Najua."

"Umemwomba radhi?"

"Nimemlilia. Kumwomba bado."

"Anza na huyo," alisema. Hakuwa mkali, wala hakumshika mkono. "Mimi nitakuja kupima upya. Safari hii nitaanzia chumba cha uani."

Dobi alimwomba Mama radhi usiku huohuo, akipiga magoti, naye Mama akamwambia ainuke, sakafu ina baridi. Ngazi alikuja, akakagua chumba cha uani kwa kalamu na utani kidogo, Mama akijibu kila swali kabla halijaisha. Paneli mbili zikaongezwa, na inveta kubwa zaidi. Dobi aliahidi kuzilipia kidogokidogo kwa kazi yake mwenyewe. Aliambiwa apige pasi jua likiwa limepanda, na wateja wa alfajiri wakaelezwa sababu. Ngazi alikuwa mpole, mwenye adabu, anamwita dada. Neno hilo dada lilimfanya Dobi akose usingizi.

Halafu mchana mmoja wa siku ya mapumziko alitokea mlangoni bila ngazi, amebeba mfuko.

"Nimeleta kazi," alisema.

Ilikuwa suti nyeusi, imekaa sandukuni mpaka imekuwa na mikunjo ya ramani. Dobi aliichunguza, akajikaza kuongea kama anavyoongea na mteja yeyote. "Ya lini?"

"Jumapili. Nakwenda na shangazi na baba mdogo kujitambulisha kwa watu."

Dobi aligeuza kola bila kuiona. Kumbe amechelewa. "Kwa watu gani?" aliuliza, sauti ndogo.

"Kwa dobi mmoja na mama yake. Nimeambiwa ni watu wakali, sitaki kwenda nimekunjamana."

Kutoka jikoni sufuria lilianguka, na ilikuwa wazi kwamba Mama alikuwa amesimama karibu na mlango kuliko inavyostahili.

Dobi aliitandaza suti mezani, akaloweka kitambaa, akachukua pasi. Kisha alikumbuka kwamba mtu huyu hajawahi kumwona akifanya kazi. Alikuwa na lile gauni la kijivu lenye doa la kuungua, kitambaa kichwani, jasho juu ya mdomo, mikono imekauka kwa sabuni. Aibu ilimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye nywele. Alitamani kumwambia akasubiri ukumbini.

Hakumwambia. Alimsogezea kigoda karibu na meza, mahali pa kuona vizuri, akaanza na kola.